Kichaka cha Lantana na Maksai wa Ukambani

Mwezi wa Septemba na sehemu kubwa ya Oktoba ni wakati wa taabu kwa mwenye mifugo katika Kitui na Makueni. Mvua za Machi hadi Mei zimekwisha zamani, majani ya malishoni yamekauka, na maji ya mitoni hupatikana kwa kuchimba mchanga. Lakini ndio wakati ule ule ambao maksai hutakiwa wawe na nguvu kuliko wakati wowote mwingine. Mvua za vuli, ambazo katika Ukambani hutegemewa kuliko zile za masika, zi karibu kuanza, na mkulima asiye na jozi ya maksai wa kuvuta plau hana budi kungoja zamu ya kuazima kwa jirani. Mahindi na kunde zikichelewa kupandwa hata kwa wiki mbili, huenda mvua ikakoma kabla hazijazaa.

Wakati huo mtu akipita njia za vilima vya Mbooni au Kilungu, au kando ya vijito vya karibu na mji wa Kitui, ataona kichaka kimoja ambacho bado kina majani mabichi, na juu yake maua madogo madogo yaliyokusanyika kama shada, mengine ya manjano, mengine rangi ya machungwa, mengine ya waridi. Vipepeo hukizunguka. Ng'ombe mwenye njaa hukiona pia. Kichaka hicho ni lantana. Katika makala haya yataelezwa asili yake, namna kinavyomdhuru mnyama, na jinsi ya kukiondoa pasipo kuuharibu udongo.

NAMNA YA KUKITAMBUA

Lantana huota kufikia kimo cha mtu au kupita, na kikipata mti wa kukiegemea hupanda juu yake. Shina lake changa lina pembe nne, na juu ya pembe hizo mna miiba mifupi iliyopinda kama ndoana. Majani hutoka mawili mawili yakielekeana. Ukiyapapasa yanakwaruza, na ukiyafikicha hutoa harufu kali isiyosahaulika. Maua ya shada moja hayana rangi moja. Yaliyofunguka sasa hivi ni ya manjano, na yaliyokwisha kutembelewa na wadudu hugeuka machungwa, mekundu au ya waridi. Wadudu hujua maana yake, kwa hiyo huenda kwenye yale ya manjano ambayo bado yana asali. Matunda huwa mabichi kisha huwa meusi ya kung'aa.

Iko mimea mingine ya ukoo huu katika Kenya, ambayo maua yake ni ya zambarau na matunda yake pia ni ya zambarau, na mmojawapo hutoa majani matatu matatu mahali pamoja. Hiyo haisongamani na kufunga malisho kama lantana inayoelezwa hapa. Si vema mtu akate kila kitu kwa jina moja.

ASILI YAKE

Kichaka hiki si cha Afrika. Wazazi wake wa kwanza walitoka katika nchi za joto za Amerika na visiwa vya Karibi. Katika karne ya 17 wakusanyaji wa mimea walikipeleka Ulaya, na Waholanzi walikuwa miongoni mwa waliokipenda mapema. Mwaka 1753 Carl Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, alikiandika katika kitabu chake kwa jina la Lantana camara, nalo ndilo latumiwa mpaka leo.

Katika nchi za kaskazini baridi ilikiua, basi kikatunzwa ndani ya nyumba za vioo. Katika nchi zilizo kandokando ya Bahari ya Mediterania, kama Italia na Hispania, kiliweza kukaa nje, kikapamba kuta na vijia vya bustani. Wenye bustani hawakuridhika na walichokipata. Walichukua chavua ya ua la aina moja wakaipaka katika ua la aina nyingine, wakapanda mbegu zake, wakachagua watoto waliopendeza: wafupi, walioshikamana vizuri, wenye maua mengi na rangi zisizokuwapo kwanza. Kwa muda wa miaka zaidi ya 100 walipata machotara kwa mamia, wakawapa majina na kuwauza.

Habari hiyo yaonekana kuwa ya wapenda maua tu, lakini ndiyo iliyoleta mashaka yote ya baadaye. Lantana iliyo kando ya njia za Makueni si mmea wa mwituni uliotoka Amerika jinsi ulivyo. Ni kizazi cha machotara wale wa bustani. Mingi kati ya machotara hao hubeba ndani ya chembe zake urithi uliorudiwa mara tatu au nne, na hiyo ni sababu mojawapo ya ushupavu wake na ya kutofanana kwake. Kichaka kimoja huwa na sumu nyingi, na kingine kilicho hatua kumi tu mbali kina sumu kidogo. Ndiyo maana mzee mmoja aweza kuapa kwamba ng'ombe wake wamekula lantana miaka mingi bila kudhurika, na jirani yake akawa amezika wawili. Wote wawili huenda wanasema kweli.

Kutoka katika bustani za Ulaya machotara hao walisafirishwa kwenda kila nchi ya joto iliyotawaliwa na Wazungu. Walifika India mwanzoni mwa karne ya 19, na Afrika ya Kusini katikati ya karne hiyo, kisha wakaletwa Afrika ya Mashariki, wapandwe kuzunguka nyumba kwa ajili ya uzuri na kuwa boma. Ndege wakala matunda, wakaangusha mbegu chini ya kila mti waliotua. Mmea mmoja mkubwa waweza kutoa mbegu zipatazo 12,000 kwa mwaka. Australia peke yake ina zaidi ya hekta milioni 4 zilizoingiwa na lantana, na mwaka 2000 shirika la kimataifa la hifadhi, IUCN, lilikitaja kichaka hiki miongoni mwa viumbe 100 walio wabaya kupita wote kwa kuvamia nchi za wengine.

SUMU YAKE

Ng'ombe aliyezaliwa mahali penye lantana, na ambaye ana majani mengine ya kula, kwa kawaida hukiacha kichaka hicho. Harufu yake humchukiza. Hatari iko kwa wanyama wa namna mbili. Wa kwanza ni yule aliye na njaa kali. Wa pili ni mgeni: ng'ombe aliyenunuliwa mnadani au kuletwa vilimani kutoka nyanda kavu za mashariki ya Kitui, ambako huenda hakupata kukiona kichaka hicho. Mnyama aliye na mambo yote mawili, yaani mgeni na mwenye njaa, ndiye hufa zaidi. Na katika mwezi wa Septemba maksai wengi wanaonunuliwa kwa ajili ya kulima huwa katika hali hiyo hasa.

Sumu hiyo hushambulia ini. Baada ya siku moja au mbili tangu kula, mnyama huwa mzito, huacha kula na kucheua, na choo chake hufunga. Mkojo waweza kuwa wa rangi ya chai. Weupe wa macho na ufizi hugeuka manjano. Kisha hutafuta kivuli na kukataa kutoka, na mtu asiyejua humpiga fimbo akidhani ni uvivu. Yafaa sababu ya jambo hili ijulikane. Majani mabichi yoyote anayokula ng'ombe, yanapovunjwavunjwa tumboni, hutoa kitu fulani ambacho ini lenye afya hukitoa mwilini pamoja na nyongo. Ini likiharibika, kitu hicho hubaki katika damu na kufika chini ya ngozi, na mwanga wa jua ukikipiga, ngozi huungua. Pua huwa nyekundu na kupasuka, na mahali penye manyoya meupe ngozi hubanduka, huku penye manyoya meusi pamesalimika. Ng'ombe wa mabaka meusi na meupe akiungua sehemu zake nyeupe tu, hiyo ni ishara kubwa.

Mnyama aliyekula nyingi aweza kufa katika siku chache. Mwingine hudhoofu kwa wiki mbili au tatu, kisha hufa, au hupona akiwa hawezi kazi msimu huo. Kondoo hupatwa vilevile. Mbuzi hupatwa mara chache, lakini asidhaniwe kuwa ana kinga kamili.

La kufanya ni kumtoa mnyama malishoni mara moja, kumweka kivulini, kumpa maji, na kumwita daktari wa mifugo bila kungoja kesho. Haraka hiyo ina sababu. Tumbo la mnyama aliyepatwa huacha kufanya kazi, na lantana aliyoila hukaa humo humo ikiendelea kutoa sumu, hata kama hajala tena jani moja. Kwa hiyo daktari humnywesha dawa ya kuifyonza sumu tumboni, kama vile mkaa uliotengenezwa maalumu kwa kazi hiyo au udongo wa namna fulani, kwa kipimo kikubwa. Mkaa wa kupikia uliosagwa hauna nguvu hiyo, na kumnywesha ng'ombe kwa chupa pasipo ujuzi humwingiza maji mapafuni.

Habari ya watoto nayo isisahauliwe. Watoto wa vijijini huchuma matunda meusi yaliyoiva wakala, lakini matunda mabichi yamewahi kudhuru watoto, na mtoto mdogo hajui kutenga.

KICHAKA NA MBUNG'O

Watu wa Makueni wana sababu nyingine ya kuchukia vichaka vilivyosongamana. Nchi kubwa ya huko ilikuwa pori la mbung'o mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili, ambapo Serikali ya wakati huo ilianza kulifyeka na kuwaweka watu kutoka vilima vya Machakos vilivyojaa na kuchakaa udongo. Wengi walisita kwenda, kwa kuwa walijua nagana ilivyoua ng'ombe huko. Pori lilifyekwa kwa jasho la watu wengi, na wazee wa baadaye walikumbuka masharti ya kuchimba matuta na kupunguza mifugo.

Juu ya jambo hili liko tukio la Nyanza linalofaa kujulikana. Katika mwaka 1964 ugonjwa wa malale ulizuka Alego, katika nchi ambayo sasa ni Kaunti ya Siaya. Mbung'o wa huko ni wale wapendao kukaa katika miti ya ukingoni mwa ziwa na mito. Lakini walipotafutwa, walikutwa wamehama maji na kuzaana katika maboma ya lantana yaliyozunguka nyumba za watu. Kivuli kizito cha kichaka hicho na unyevu wa udongo chini yake viliwafaa sawasawa na ukingo wa mto. Watu waliumwa na mbung'o milangoni pao, mahali ambapo hakuna aliyetazamia.

Haisemwi hapa kwamba kila lantana ya Ukambani ina mbung'o. Maeneo mengi hayana. Lakini nchi iliyosafishwa kwa gharama kubwa namna ile haifai kuachwa ijifunge tena kwa kichaka cha bustani.

WADUDU WALIOJARIBIWA

Watu huuliza kama hakuna mdudu wa kukimaliza kichaka hiki. Wako, na wamejaribiwa tangu mwaka 1902, wakati Albert Koebele alipokusanya wadudu Mexico na kuwapeleka visiwa vya Hawaii. Mmoja wao, mdudu mdogo anyonyaye majani, aliletwa Afrika ya Mashariki pia. Katika Uganda, katika miaka ya 1960, mdudu huyo alionekana kwenye mashamba ya simsim, akinyonya chakula cha watu. Simsim haikuangamia, lakini wataalamu walishtuka, na tangu hapo wamekuwa waangalifu zaidi. Mahali pengi lantana huangusha majani inaposhambuliwa, kisha huchipua upya mvua ikinyesha. Kwa hiyo katika Kitui na Makueni jembe bado ndilo la kutegemewa.

NAMNA YA KUKING'OA

Kukata peke yake ni kazi bure. Shina lililokatwa juu ya ardhi huchipua mengi zaidi. Moto nao huua matawi na kuacha shina la chini hai, na zaidi ya hayo huchoma nyasi ambazo zingeshindana na machipukizi. Kinachotakiwa ni kulitoa lile fundo la shina lililo chini kidogo ya udongo, ambako machipukizi hutokea.

Wakati ulio bora ni baada ya mvua za kwanza, udongo ukiwa laini na matunda yakiwa hayajaiva. Matawi hukatwa kwanza kwa panga, kisha fundo huchimbwa kwa jembe na kuwekwa juu, mizizi ikitazama jua. Matawi yaliyokatwa yasiachwe njiani wala karibu na zizi, kwa sababu majani yaliyonyauka bado yana sumu, na ng'ombe aliyekataa jani bichi huenda akala lililokauka. Yakiwa makavu ni kuni nzuri. Huko India watu wa misituni hutengeneza viti na vikapu kwa fito zake, na mwaka 2021 tembo wengi wa kusukwa kwa lantana, wenye kimo cha tembo wa kweli, waliwekwa katika bustani za London watu wawatazame.

Kosa la kawaida ni kufyeka eneo kubwa kwa siku moja na kuliacha. Mbegu zilizo udongoni hukaa hai miaka kadhaa, na zikipata jua huota zote pamoja, hata mahali pakawa pabaya kuliko mwanzo. Afadhali mtu asafishe robo eka kila msimu, akirudi baada ya kila mvua kung'oa miche kwa mkono ingali midogo. Aanze na vichaka vilivyo peke yake pembezoni, kisha aingie kwenye msitu. Kazi hii yafaa sana kufanywa kwa mwethya, kama Wakamba walivyofanya matuta ya mashamba yao, kwa maana shamba moja lililosafishwa kati ya manne yasiyosafishwa litapandwa upya na ndege.

Kwenye mteremko mkali uangalifu wahitajika. Lantana, pamoja na ubaya wake, imeshika udongo. Ikiondolewa yote kabla ya mvua kubwa, udongo utakwenda mtoni. Basi iondolewe kwa mistari inayokingama mteremko, na mistari mingine iachwe mpaka ile ya kwanza imeota nyasi. Na mwenye nguvu achimbe fanya juu kabla hajaendelea.

KITU GANI KIPANDWE

Wengi huiacha lantana kwa sababu ndilo boma lao, na hoja hiyo ina haki yake. Mwenye boma asing'oe lote kabla hajapanda lingine. Mkonge humea katika udongo mbaya, hauliwi na ng'ombe, na hutoa kamba. Ndau, ambao wengine huuita mnyaa, hupandwa kwa kuchomeka vijiti na hustahimili kiangazi kikali. Utomvu wake ni hatari kwa macho, basi watoto waonywe na akataye asijipanguse usoni.

Mwenye kupenda maua naye asidanganyike upesi. Ziko lantana fupi za bustani zinazosemwa kuwa hazizai. Nyingine ni kweli hazitoi mbegu nyingi, lakini chavua yake yaweza kuchukuliwa na vipepeo mpaka kwenye kichaka cha njiani, na uchotara ukaendelea pale ulipoachwa na wenye bustani wa Ulaya.

Mahali palipokuwa na kichaka malishoni, jambo la kwanza ni nyasi. Nyasi zilizofunga vizuri huzuia miche ya lantana kuliko jembe la mtu yeyote. Kituo cha utafiti cha Kiboko, katika Makueni, kimeshughulika miaka mingi na nyasi za asili zinazofaa nchi kavu, na majina yake Wakamba wanayajua: mbeetwa, nguu, na ndata kivumbu. Mbegu hizi ni nyepesi, na hazipendi kufunikwa sana. Hutawanywa katika mifuo mifupi iliyokatwa kwa plau ikikingama mteremko, kabla ya mvua za vuli, na kufunikwa udongo kidogo tu. Mifuo hiyo hushika maji, na nyasi huanza humo kabla ya kuenea. Nyasi za Ukambani si za kudharauliwa. Aina moja ya majani marefu iliyochukuliwa Kenya ilipandwa na wafugaji wa Queensland, katika ile ile Australia iliyoingiwa na lantana, na huko waliiita kwa jina la Makueni.

Msimu wa kwanza wanyama wasiingizwe kabisa. Nyasi ziachwe mpaka zitoe mbegu na mbegu zidondoke. Baadaye zaweza kukatwa kwa mundu na kuwekwa juu ya uchaga, zikangoja Septemba, wakati maksai watakapozihitaji.